TULITUNZE GARI: Msinunue Rejeta ya Nne

Mwezi huu tumepata barua kutoka kwa kikundi cha wakulima. Kijiji chao kipo kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Kikundi hiki kina gari moja aina ya Noah. Walilinunua kwa fedha za ufuta na mahindi. Gari hubeba abiria. Siku za mnada hubeba kuku na magunia. Siku za shida hubeba wagonjwa.

Wenzetu wanaandika hivi:

"Gari letu limebadilishwa rejeta mara tatu katika mwaka mmoja. Kila rejeta mpya hukaa muda mfupi, kisha hupasuka. Fundi wetu anasema spea za siku hizi ni mbovu. Fundi mwingine anasema gari za siku hizi zote ni mbovu. Sisi fedha zimekwisha. Wakati wa masika mama mmoja mjamzito alipelekwa hospitali kwa gari hili. Likachemsha njiani. Mama akajifungulia kando ya barabara, mvua inanyesha. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Je, tununue rejeta ya nne?"

Jibu letu ni hili. Msinunue. Ngojeni kwanza.

Rejeta haijipasui yenyewe. Kuna kitu kinaipasua. Kitu hicho bado kimo ndani ya gari lenu. Mkifunga rejeta ya nne, nayo itapasuliwa kama zile tatu. Kwa hiyo mwezi huu tutatafuta kitu hicho.

Kwanza tuelewe kazi ya rejeta. Injini huchoma petroli au dizeli ndani yake. Moto huo ni mkali sana. Maji huzunguka ndani ya injini na kuchukua joto. Kisha maji hayo huenda kwenye rejeta, mbele ya gari. Rejeta ina njia nyingi nyembamba. Upepo hupita katikati ya njia hizo na kuyapoza maji. Maji yaliyopoa hurudi tena kwenye injini. Pampu ya maji ndiyo inayoyasukuma. Safari hii haisimami mpaka injini izimwe.

Sasa tazama kifuniko cha rejeta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. Sivyo. Kifuniko kina springi ndani. Springi hiyo hubana maji yawe na nguvu. Maji ya sufuria ya jikoni huchemka yakifika nyuzi 100 za joto. Maji yaliyobanwa na kifuniko kizuri hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ndiyo sababu ni hatari kufungua rejeta ya moto. Ukilegeza kifuniko, maji huchemka yote mara moja na kukurukia usoni. Watu wameungua vibaya kwa njia hii. Zima injini. Ngoja hata saa nzima, mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono bila kuungua. Ndipo ufungue, na ufungue kwa kitambaa, polepole.

Juu ya kifuniko pameandikwa namba. Wewe uliyejifunza kusoma, isome. Utakuta 0.9 au 1.1 au namba nyingine. Hiyo ndiyo nguvu ya springi. Kifuniko cha gari lako kiwe na namba ile ile iliyowekwa na kiwanda. Ukifunga kifuniko chenye springi legevu, maji yatachemka mapema. Ukifunga chenye springi ngumu kupita kiasi, mipira na rejeta vitabeba mzigo usio wake. Tumeona gari lenye kifuniko cha lori. Mwenyewe alisema, "Kimeingia vizuri." Ni kweli kiliingia.

Ndugu msomaji, hapa nitasimulia lililonipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa ninatoka Morogoro kwenda Mikumi kwa gari la abiria. Tulikuwa tumejaa. Nyuma yangu alikaa bibi mmoja mwenye kapu la vitunguu. Tulipopita Doma bibi akasema, "Mwanangu dereva, nasikia harufu. Kama sukari guru inapochemshwa." Dereva akajibu, "Hamna kitu, bibi. Ni joto tu."

Tukaingia katika Hifadhi ya Mikumi. Unajua kwamba barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi hiyo, karibu kilometa 50. Tulipofika katikati, mshale wa joto ulikuwa umefika juu kabisa. Dereva aliutazama. Nilimwona akiutazama. Alitaka tutoke kwanza katika hifadhi. Baada ya kilometa chache gari likapoteza nguvu, likatoa moshi mweupe, likazimika.

Upande wa kulia palikuwa na nyati, labda thelathini. Jua la saa saba lilikuwa linawaka. Kushuka hatukuweza. Watoto wakaanza kulia. Tukakaa humo zaidi ya saa nzima, mpaka lori moja likatufunga kamba na kutuvuta hadi Mikumi mjini.

Fundi wa Mikumi aliinua kiti cha mbele. Noah za zamani, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, injini yake ipo chini ya viti vya mbele. Rejeta ipo mbele kabisa. Kwa hiyo mipira na mabomba ya maji ni marefu. Fundi alipapasa nyuma ya injini akatoa kipande cha mpira, urefu wa kidole cha mkono. Kilikuwa kimepasuka ufa mmoja. Rejeta ya gari lile ilikuwa mpya. Dereva alisema ameifunga mwezi ule ule.

Yule bibi alikuwa amesema kweli. Maji maalumu ya rejeta, yale ya rangi ya kijani au nyekundu ambayo mafundi huyaita kulanti, yana harufu tamu yakimwagikia kwenye injini ya moto. Ukisikia harufu hiyo, simama utazame. Usingoje moshi.

Tulipokuwa tunasubiri kamba nilifikiri juu ya nyati. Hasara kubwa zaidi ilikuwa inatokea chini ya kiti, nami sikuijua. Sehemu ya juu ya injini huitwa silinda hedi. Katika gari za kisasa hedi hutengenezwa kwa alumini. Alumini ni nyepesi, lakini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Kati ya hedi na injini kuna karatasi ngumu iitwayo gasketi. Hedi ikipinda hata unene wa unywele, gasketi haibani tena. Moto wa ndani ya injini hupata njia na kuingia kwenye maji.

Wenzetu mlioandika barua, hapa tafadhali someni mara mbili. Moto wa injini una nguvu nyingi kuliko springi ya kifuniko. Hewa ya moto huo ikiingia kwenye maji, husukuma kila mahali. Husukuma mipira na rejeta. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi aliweza kuzichomelea. Rejeta nyingi za siku hizi ni za alumini, na pembeni zina matangi ya plastiki. Plastiki ikisukumwa kila siku, hupasuka pale inapoungana na alumini. Ukiziba kwa gundi, itahimili siku chache tu.

Sisi tunadhani ndivyo ilivyo kwa gari lenu. Rejeta ya kwanza labda ilikufa kwa uzee. Siku ile lilipochemsha dereva aliendelea na safari, hedi ikapinda. Tangu hapo gasketi mbovu ndiyo inayozipasua rejeta. Lakini msiamini kwa sababu gazeti limesema. Pimeni.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungueni kifuniko. Washeni injini. Tazameni maji. Mapovu machache ya mwanzo si kitu. Lakini yakiendelea kutoka bila kukoma, kama uji unaotokota, na injini bado ni baridi, hiyo ni hewa ya moto. Zimeni. Rudisheni kifuniko, mwashe tena, kisha mshike mpira mkubwa wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe baada ya dakika moja au mbili tu, hiyo ni dalili ya pili. Vuteni pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto ni dalili nyingine. Na kama maji yanapungua kila siku lakini chini ya gari hapana tone, jiulizeni yanakwenda wapi.

Mkiona dalili hizo, fundi afungue hedi. Kufunga gasketi mpya peke yake hakutoshi. Hedi ipelekwe Morogoro kwenye karakana yenye mashine, ipimwe kama imepinda na ichongwe iwe sawa. Fundi akisema, "Tutafunga gasketi mbili, itabana tu," mwambieni hapana. Gharama ni kubwa, hatuwafichi. Lakini rejeta tatu mmeshazilipia.

Je, msipoona dalili hizo? Basi heri yenu, mtafute sababu nyingine.

Tazameni kama gari lina themostati. Hiki ni kidude kidogo chenye mlango. Maji yakiwa baridi mlango hufungwa. Yakipata joto, mara nyingi kama nyuzi 82, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Husema, "Kifaa hiki ni cha nchi za baridi. Kilosa kuna joto." Maneno haya yamewadanganya watu wengi. Injini iliyopungukiwa na joto hunywa mafuta mengi. Tena katika injini nyingi themostati ina kazi ya pili. Ikifungua njia ya rejeta, hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupoa. Kwa hiyo gari huweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya kutolewa kifaa ambacho fundi alidhani kinachemsha.

Kuipima ni rahisi, hata jikoni. Ifunge kwa uzi, iweke katika sufuria ya maji baridi, washa moto. Isiguse chini ya sufuria. Maji yakikaribia kuchemka, mlango uwe umefunguka. Maji yakichemka na mlango bado umefungwa, imekufa. Sufuria hiyo usipikie tena.

Feni nayo itazamwe. Katika gari nyingi za kisasa feni huzungushwa na umeme. Sensa hupima joto la maji na kuwasha feni. Gari likichemsha likiwa limesimama au likienda polepole, lakini likikimbia linapoa, shuku feni. Usikimbilie kununua feni. Tazama fyuzi, kisha waya. Panya wa vijijini wanapenda sana kulala juu ya injini yenye joto, na wakilala hutafuna.

Na maji yenyewe je? Maji ya mto yana matope. Maji ya visima vingi yana chumvi. Uchafu huo hujenga ukoko mweupe ndani ya rejeta, kama ukoko wa birika. Tumieni kulanti. Mkiwa safarini na hamna, tieni maji safi mfike, kisha mbadilishe. Msimwage maji baridi kwenye injini inayochemka, maana chuma huweza kupasuka. Na mjazapo maji mapya, msifunge kifuniko haraka. Mabomba marefu ya Noah huficha hewa. Gari lisimame pua juu, injini iwashwe ikiwa baridi na kifuniko kiwe wazi, mwongeze kidogo kidogo mpaka hewa iishe.

Hapa nina ombi kwa akina mama na akina baba. Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto akiiona kwenye kopo ataionja. Mbwa na mbuzi pia. Msiiache wazi, na kopo lake msichotee maji ya kunywa.

Sasa juu ya taa. Gari za kisasa zina taa ndogo mbele ya dereva. Dereva wengi huziona kama pambo. Wengine hubandika karatasi juu ya taa isiwasumbue. Rangi zake zina maana. Taa nyekundu ya joto au ya oili maana yake simama sasa, zima injini. Usimalizie kilometa tano zilizobaki. Gari nyingine ndogo hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu wakati injini ni baridi, na nyekundu ikichemka. Kati ya hapo hakuna taa. Taa ya njano yenye picha ya injini maana yake nenda kwa fundi mapema. Ikiwa inapepesa, punguza mwendo sana na usiende mbali.

Katika gari nyingi za miaka ya karibuni, taa hiyo ya njano ikiwaka, kompyuta ya gari huhifadhi namba. Fundi mwenye kifaa cha kupimia huiona. Namba huanza na herufi P, kisha tarakimu nne. Mwambie fundi akuonyeshe, uiandike mwenyewe katika daftari. P0217 maana yake injini imepata joto kupita kiasi. P0128 maana yake maji hayafiki joto linalotakiwa. Fundi asiyesoma vizuri akiona P0128 hubadilisha sensa. Siku ya pili taa inawaka tena. Anabadilisha sensa nyingine. Kumbe themostati ilitupwa mwaka juzi. Namba hukuonyesha mahali pa kutafuta. Haikutajii spea ya kununua.

Jambo hili si la rejeta peke yake. Barabara ya Kilosa, Masanze, Ulaya hadi Mikumi imezoeleka kwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Mashimo yake hula mipira ya chini ya gari, ile inayoitwa bushi. Bushi ikilegea, tairi hukaa upande na kulika ukingo mmoja. Mwenye gari hununua tairi mpya, nayo inalika vile vile. Amenunua tairi nne wakati mgonjwa ni bushi.

Mkienda kununua spea, nendeni na ile ya zamani mkononi. Nendeni pia na namba ya chesisi. Mtaikuta kwenye bati dogo la gari. Noah za zamani za petroli huanza na SR40 au SR50. Zilizofuata baada ya 2001 nyingi huanza na AZR60. Injini zake ni tofauti na rejeta zake ni tofauti. Mwuza duka akikuuliza, "Noah gani?" usijibu, "Noah nyeupe." Linganisha umbo, matundu na namba kabla hujalipa. Dai risiti. Kama spea ni bandia, risiti ndiyo itakayokusaidia kurudisha, au kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake moja ni kupambana na bidhaa bandia.

Spea za mtumba si mbaya zote. Mlango, kioo cha pembeni, hata taa, nunua ukipenda. Lakini kifuniko cha rejeta, mipira ya maji, mikanda na gasketi, nunua vipya. Breki pia, hasa kwa wale wanaoshuka Iyovi na abiria. Rejeta ya mtumba isinunuliwe kabla ya kupimwa kwa presha.

Wenzetu wa kikundi, pimeni mapovu kesho asubuhi kabla gari halijatoka. Mwenyekiti awepo, na mweka hazina awepo. Andikeni mlichokiona, pamoja na namba ya kifuniko na namba ya chesisi, mtuletee. Mpaka hapo, gari lisibebe mgonjwa peke yake bila usafiri mwingine kuwa tayari. Na dereva aambiwe mbele ya wote kwamba akisimama kwa sababu ya taa nyekundu, nauli iliyopotea siku hiyo haitakatwa katika mshahara wake.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya betri inayokufa kila asubuhi. Wenye swali watuandikie.